Tupeane uzoefu: mwanamke ukiketi kwenye usuluhishi, unasikilizwa?

Mjumbe wa Moro:
Habari zenu ndugu. Mimi ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, mkoani Morogoro. Mashauri yetu mengi ni ya mkulima na mfugaji: ng'ombe wameingia kwenye mpunga, au mtu kalima njia ya mifugo. Yakiachwa, mapanga na mikuki hutoka, na huku tumeshazika watu kwa sababu hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la watu 7, wanawake wawe 3. Wengi huishia hapo. Lakini kuna akidi pia, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali: watu 4, na angalau 2 kati yao wawe wanawake. Wanaume peke yao hawawezi kukaa.

Hiyo akidi ndiyo iliyotupa sauti. Kulikuwa na mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake, na wenzetu wanaume walitaka shauri limalizwe palepale ofisini kabla ya giza. Mimi na mwanamke mwenzangu tukasema hatuketi hadi tukanyage mpaka wenyewe wa shamba. Tukatoka, kikao kikaahirishwa. Kesho yake tulipofika shambani, majirani wakatuonyesha minyaa aliyoipanda marehemu pembeni. Shemeji wakakosa la kusema. Mjane analima hadi leo.

Nanyi semeni yenu. Si lazima mwe mmeshinda.

Wa Kiteto:
Dada, hiyo akidi iko kifungu gani? Huku hakuna anayeitaja.

Mjumbe wa Moro:
Cha 60, kaka. Kichapishe uende nacho.

Wa Kiteto:
Asante. Kwetu wanawake walikuwemo kwenye kamati, ila vikao vilianza saa kumi na moja jioni, wakati wa kukamua na kupika. Tulipovihamishia saa nne asubuhi, mama mmoja wa Kimaasai ambaye hatukuwahi kumsikia ndiye aliyetutonya kwamba vijana wanapanga kulipiza. Tena hakuishia kusema, aliwafuata mama zao boma kwa boma.

Binti Wajir:
Salaam aleikum. Vita vya koo vya huku Wajir, kaskazini mwa Kenya, miaka ya mwanzo ya 90 nilikuwa mdogo, mamangu akiuza maziwa sokoni. Ilifika mahali mwanamke wa ukoo huu hanunui kwa wa ukoo ule. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia hapo hapo sokoni: kila mtu auze na anunue, bila kuulizwa ukoo. Ndipo wakawaendea wazee. Mwaka 1993 likapatikana Azimio la Al Fatah, la amani kati ya koo, na dunia ikaja kumtuza Dekha mwaka 2007 kwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood Award.

Lakini nataka mjue pia habari za wauza maziwa. Mamangu anasema wazee hawakuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa jioni, unarudi nyumbani, ndugu zako wa damu wanakuuliza kwa nini umempa adui pesa. Hilo hakuna azimio linaloliandika, na mimi naona ndilo lililobeba yote.

Mama wa Buyenzi:
Amani kwenu kutoka Bujumbura. Kwenye mazungumzo ya Arusha ya kumaliza vita vya Burundi, pande zilizoketi zilikuwa za wanaume. Wanawake wa Burundi walikutana kwa mkutano wao huko huko Arusha Julai 2000, wakapeleka madai yao kwa msuluhishi, Mzee Mandela, na makubaliano yakatiwa saini Agosti. Katiba ya 2005 ikaweka asilimia 30 ya wanawake bungeni na serikalini. Najivunia hilo sana.

Ila kwenye usuluhishi wa mashamba, kwa ndugu zangu wa kijijini, ninaketi mwanamke peke yangu. Sasa tuna shauri la mjane aliyerudi kutoka kambi za Kigoma, anaomba sehemu katika shamba la babake. Kwa mila binti harithi. Kaka zake wanataka alime tu, akifa ardhi irudi kwao, watoto wake wasiguse. Nimeomba iandikwe karatasi yenye jina lake na ya wanawe. Kaka wawili wamekubali, mkubwa bado. Ijumaa tunakaa tena, na nimemwomba mke wa huyo mkubwa aje.