Prius PHV betri imejaa, nashuka Lushoto kwenda Mombo injini inanguruma yenyewe. Breki zangu ziko salama?

BabaMwanaidi_Chumbageni

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa wenye haibridi za kuchomeka kwenye umeme, maana toka Jumapili sina amani na hii gari na wiki ijayo natakiwa kurudi kulekule.

Iko hivi, nina Prius PHV ya 2017, ile yenye betri ya 8.8 kWh, niliagiza Japani mwaka jana. Hapa Tanga mjini ni raha tupu, nyumbani mpaka kazini na kurudi natembelea umeme, petroli naweka mara mojamoja. Sasa tukaenda Lushoto kwa wakwe, mimi na mama watoto na watoto wawili na mizigo, kupanda ilipanda vizuri tu japo umeme uliisha hata Soni hatujafika ikaendelea na petroli. Tulipofika shemeji akanipa soketi nikaichomeka usiku kucha, asubuhi betri imejaa pomoni, nikasema safi, leo nashuka bure.

Ndipo yalipoanza. Nimetoka pale mjini Lushoto nikaweka B, ile gia ya kushikia gari kwenye mteremko, kama ninavyosikia watu wanashauri, gari haivuti nyuma kama nilivyoizoea, mara injini ikaamka yenyewe ikaanza kunguruma kama mtu kakanyaga mafuta kwenye gia ya kwanza, na mguu wangu hauko kabisa kwenye mafuta na betri imejaa! Nikaogopa naiua injini nikarudisha D, kelele ikapungua, basi nikawa nashuka kwa kukanyaga breki tu. Baada ya Soni, zile kona za kuteremkia Mombo, nikaanza kusikia harufu ya kuungua na breki ikawa inataka nguvu zaidi ndio gari ishike. Wallahi jasho lilinitoka mgongoni, nikiangalia kioo naona wanangu wamelala hawana habari. Nikapaki pembeni kama dakika 20 tukashuka mdogomdogo. Pale Mombo vijana wa kuosha magari wakataka kuzimwagia maji rimu zipoe, nikawazuia kwanza.

Injini iliwaka kwa nini wakati betri imejaa? Ilikula mafuta? Na ile breki ya umeme ilienda wapi siku niliyoihitaji?

KijanaWaKange

Pole kaka. Mbona hiyo simpo, mi nikishuka mlima naweka N, yaani gia huru, naiachia iserereke, mafuta haiendi, injini haipigi kelele, unagusa breki kwenye kona tu.

DerevaWaSoni

Mdogo wangu wa Kange naomba hilo neno ulifute kabla mtu hajalifuata. Mimi barabara hiyo nimeendesha Coaster miaka mingi na nakwambia kwa upendo, N kwenye mteremko ule ni kutafuta msiba. Gari ikiwa N hakuna kinachoishika isipokuwa breki za miguu peke yake, na kona za pale chini ya Soni hazikupi nafasi ya kujirekebisha. Sisi kanuni yetu ni moja, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Wenye Fuso wana breki ya egzosti na bado wanashusha gia.

Na kwa haibridi ndio mbaya zaidi, kwenye N hata ule umeme haurudi, mota zimeachiwa. Kwa hiyo hupati breki ya umeme, hupati ya injini na hupati chaji, umepoteza vyote.

Baba Mwanaidi pole sana, na ulifanya la maana kupaki. Wengi wanaona aibu kusimama wanasema tumalizie tu.

MwalimuKorogwe

Salaam. Kaka hapo gari haikuwa mbovu, ilikuwa inakusaidia ukaikataza bila kujua. Ngoja nieleze taratibu maana hili watu wengi hawaambiwi wanaponunua.

Breki ya umeme maana yake mota inageuka kuwa jenereta, matairi yanaizungusha, inatoa umeme, na ule ugumu wa kuizungusha ndio unaoishika gari. Sasa huo umeme lazima uwe na pa kwenda, na pa kwenda ni betri. Betri ikiwa imejaa mlango umefungwa. Ni kama tenki la maji juu ya bati, likishajaa boya linafunga hata kama presha ya mtaani ni kubwa. Ndio maana ulihisi gari haivuti nyuma.

Hapo kompyuta ya Toyota inafanya kitu cha akili sana, ule umeme kidogo inaoupata inautumia kuizungusha injini, bila petroli. Injini inakuwa kama pampu ya kusukuma hewa tu, inakula nguvu za mteremko na kukupunguzia mwendo. Ile ngurumo ndio hiyo. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, haikula mafuta, sindano za petroli zimefungwa. Siku nyingine angalia kile kipimo cha ulaji wa papo hapo kwenye dashibodi, utaona kinaonyesha kama hutumii kitu huku injini inalia. Na huiui, inazunguka ndani ya mipaka yake.

Ulipoitoa B ukarudi D ulibaki na breki za pedi karibu peke yake kwa mlima mzima.

Tupige hesabu kidogo maana ndiyo inayonifurahisha kwenye jambo hili. Lushoto iko mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, Mombo mita 400 na kitu, tuseme tofauti ni mita 1,000. Gari yako na nyie wote na mizigo weka kilo 1,850. Hiyo ni nishati ya kWh 5 hivi inayotakiwa kwenda mahali unaposhuka. Kwa kilomita 30 na ushee tairi na upepo vitakula karibu kWh 2. Zinabaki 3, hizo ndizo breki inabidi izishike. Betri ikiwa na nafasi, ukitoa zinazopotea njiani kwenye mota na nyaya, utarudishiwa kama kWh 2, karibu robo ya betri yako. Betri ikiwa imejaa zile 3 zote zinagawana pedi na injini, na wewe injini uliikataza.

Hivyo Lushoto usijaze. Acha robo tupu, au zaidi kidogo kwa usalama. Na ukishajua kwamba mteremko wenyewe utakupa robo, unaona kujaza ilikuwa ni kununua umeme wa kwenda kuutupa kwenye kona.

KijanaWaKange

Asante kaka dereva, nimeelewa, mi gari yangu ni IST ya kawaida lakini hata hivyo naacha kuanzia leo. Mwalimu je kama mtu ameshajaza tayari, akiwasha AC full si inakula umeme nafasi inapatikana?

MwalimuKorogwe

Inasaidia kidogo sana. AC inakula kama kilowati 1 hivi. Gari ile kwenye mteremko wa asilimia 6 kwa mwendo wa 40 inataka kushikwa kwa kilowati kama 10 hivi. Na ukishuka kwa 60 badala ya 40 ile nguvu inapanda karibu mara moja na nusu, kwa sababu unamaliza urefu uleule wa mlima kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo mwendo ndio dawa kuliko AC. Betri nayo ina kiwango cha kupokea kwa wakati mmoja, ukienda kasi sana hata ikiwa na nafasi, kinachozidi kinaenda kwenye pedi.

MamaRaskazone

Kaka Baba Mwanaidi yalinikuta hayahaya na Outlander PHEV, ile ya mwanzo ya betri ya 12 kWh. Yangu haina B moja kama yako, ina B0 mpaka B5, kuna vibawa viwili nyuma ya usukani, cha kushoto kinaongeza kushika na cha kulia kinapunguza. Nilivyoizoea B5 hapa mjini yaani mguu kwenye breki nauweka kwenye taa tu. Siku nimetoka Lushoto imejaa, naweka B5 inashika kama B1, nilishtuka sana, na mama yangu mzazi yuko kiti cha mbele.

Ninachofanya sasa, nikifika kule nachomeka kwa muda mfupi tu asubuhi wakati tunakunywa chai, au sichomeki kabisa. Nyie wenye Prius kwa waya ya volti 200 inajaa kwa masaa 2 na dakika 20 hivi kwa hiyo lisaa limoja na kidogo linatosha, usiilaze na waya usiku kucha.

Nina swali kwa mafundi. Kama breki za pedi mjini hazitumiki, mbona yangu asubuhi inakwaruza, hasa nikiwa nimeiacha siku mbili tatu?

Fundi_Makorora

Dada Raskazone hiyo ni kutu ya diski. Gari za kawaida pedi zinasugua diski kila siku kutu haipati nafasi, haibridi breki kubwa inafanywa na mota, pedi zinagusa mwishoni tu unaposimama, na wewe uko baharini kabisa na upepo wa chumvi. Mara mojamoja ukiwa barabara iko wazi na nyuma hakuna gari, kanyaga breki kwa nguvu kidogo kutoka mwendo wa 60, ukikanyaga kwa nguvu kompyuta inaita na pedi, utasikia zinajisafisha. Na kila ukifanya sevisi mwambie fundi afungue kalipa apake grisi yake zile pini maana zikikwama pedi moja itaisha upande.

Sasa Baba Mwanaidi nakuja kwako na hapa naomba unisikilize vizuri maana wiki ijayo unapanda tena na watoto. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ya Tanga unaijua ilivyo na unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishavuta maji yanachemka kwenye 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke kwenye bomba, na mvuke unabonyea, breki inakukimbia. Watu wa haibridi wanasahau kabisa haya mafuta kwa sababu pedi haziishi, mtu anakaa miaka 5 hajaingiza mkono. Badilisha kila miaka 2. Wewe umeagiza gari hujui ya lini, badilisha.

Ila usimpe mtu akutolee upepo kama wa Corolla kwa kukanyaga na kufungua nati. Hiyo Prius breki yake inaendeshwa kwa kompyuta, ina pampu yake, inatakiwa iunganishwe mashine ya daignosi ndio utaratibu ukamilike. Muulize fundi kabla hujampa funguo, akisema haina haja ya mashine mshukuru uende kwingine.

Na ulifanya vizuri sana kukataza yale maji. Diski ya moto ukiimwagia maji ya baridi inapinda, baadae usukani unatetemeka kila ukishika breki. Ipoe yenyewe. Kagua pia pedi, zikiwa zimeng'aa juu kama kioo au zina nyufa weka mpya.

BabaMwanaidi_Chumbageni

Wakuu nimerudi jana. Nashukuru kila mmoja kwa jina lake.

Kabla ya safari nilikwenda kwa fundi mwenye mashine, mafuta ya breki aliyoyatoa yalikuwa rangi ya chai ya rangi, pedi za mbele zilikuwa zimeng'aa kama alivyosema fundi wa Makorora, nikaweka mpya. Kupanda umeme ukaisha kama kawaida na Lushoto sikuchomeka hata dakika moja, shemeji akashangaa akadhani nimekasirika nikamweleza hesabu ya Mwalimu tukaichora kwenye karatasi ya daftari la mtoto.

Kushuka nimeweka B toka mwanzo, mwendo 40, kwenye kona 30. Gari imeshika vizuri, injini niliisikia mara mbili tu safari hii nikaiacha ifanye kazi yake. Breki nilikuwa nagusa taratibu mapema kabla ya kona sio kukanyaga ghafla. Pale Soni tulisimama watoto waangalie maporomoko nikasogeza mkono karibu na rimu, vuguvugu tu. Mombo tumefika dashibodi inasoma kilomita 14 za umeme, nilizoziokota mlimani bila kulipia. Mama watoto kaniambia safari hii hata yeye alilala.

Swali moja la mwisho, mvua ikinyesha nibadilishe chochote?

DerevaWaSoni

Alhamdulillah. Mvua ndio uwe makini zaidi. Hiyo Prius yako inavuta mbele, kwa hiyo breki ya umeme inashika tairi za mbele tu, na barabara ile mvua ikianza kuna majani na udongo unashuka kutoka kingo za juu. Iache kwenye B hivyohivyo ila punguza mpaka 30 na kwenye kona 20, na usiachie mafuta ghafla katikati ya kona, achia kabla hujaingia. Tairi za mbele hakikisha kashata bado ipo. Na ukungu ukishuka ukawa huoni kona, simama pale Soni kunyweni chai, huwa unapita.