Wajenzi wa ramani (viwanja vya kuchezea) za mchezo wa risasi wa Quake III hapa Mombasa, mbona hamtii kalafati?

Nimenyamaza vya kutosha. Mimi ndiye ninayeangalia seva pale tunapochezea Mwembe Tayari, na kila Ijumaa usiku ndimi ninayetupiwa maneno: seva nzito, mashine mbovu. Mashine ni zile zile kuukuu ambazo q3dm17, ramani iliyokuja na mchezo wenyewe, haijawahi kuzisumbua. Kinachoziua ni ramani zenu zisizotiwa kalafati, ile teksta (picha ya kupaka uso) inayoiambia injini isichore upande usioonekana.

Chukueni hii mpya ya vichochoro vya Mji wa Kale. Kwa macho ni nzuri mno, mashallah: milango ya nakshi, baraza, roshani za mbao. Nikaipakia kwa devmap, amri ya kujaribia ramani, nikaandika r_showtris 1, inayoonyesha kila pembetatu inayochorwa, skrini nzima ikajaa nyavu nyeupe. Nakshi imebandikwa juu ya fremu, fremu juu ya ubao, na kila kipande kimepakwa teksta pande zote sita, hata zile zilizogandana ambazo hakuna mchezaji atakayeziona. Kila upande huo unachorwa na unatengewa nafasi yake kwenye mwanga uliokokotolewa. Teksta ya kalafati, ile common/caulk, imewekwa kwa kazi hiyo: brashi, yaani tofali la kujengea ramani, inabaki ngumu, inaziba, lakini upande huo hauchorwi. Jenga brashi ikiwa kalafati tupu, kisha paka zile nyuso zinazoonekana tu. Wengine mnafanya kinyume, na wengine hamfanyi kabisa.

Na msiniambie kompaila, ile programu inayoigeuza kazi yenu kuwa ramani ya kuchezwa, itaondoa yenyewe. Kompaila yetu, q3map2, inaondoa nyuso zinazotazama nje ya ramani na zile zilizozama ndani ya brashi za msingi (zinazoziba ramani na kukata mwonekano). Brashi za diteli (za mapambo) zinazofunikana zenyewe kwa zenyewe kwa kawaida inaziacha. Matao ya pachi (nyuso za kupinda) nayo hayazibi wala hayakati mwonekano. Nyuma yake lazima iwepo brashi ya kalafati.

Kuna mwingine, huyu katokea kwenye Hammer, kihariri cha ramani za injini ya Source, kapaka nodraw, teksta nyingine isiyochorwa, kila mahali. Ndugu yangu, kule kwenye Source nodraw ni ngumu na inaziba. Huku kwenye Quake III nodraw si ngumu, inapitika, na haizibi chochote. Ramani ikavuja, yaani ikabaki na tundu la kutokea nje. Ikivuja, faili ya .prt (ya mipaka kati ya sehemu za ramani) haipatikani, hatua ya vis (ya kukokotoa mwonekano) haiendi, na injini haijui tena chumba kipi kinaonekana kutoka kipi. Radiant, kihariri chetu, ilikuchorea mstari mwekundu kukuonyesha tundu lilipo! Badala ya kuufuata, ukaizungushia ramani nzima sanduku kubwa la anga. Uvujaji umeisha, ndiyo, lakini sasa migongo yote ya kuta iko "ndani" na inachorwa, na vis inakokotoa utupu mkubwa ulioizunguka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu mtu aliliona kosa akalifunika.

Ramani ikiwa nzito, fremu (picha za skrini) zinapungua, na ukiwa chini ya fremu 125 kwa sekunde, mruko uliouzoea haufiki. Watoto wanaolipa kwa saa wanaanguka kwenye pengo wanalolijua, halafu wanadhani mkono wao ndio mbaya.

Clip nayo, ile brashi isiyoonekana inayozuia watu. Ngazi zimejaa kona za mbao zinazomnasa mtu akikimbia. Mteremko mmoja wa clip juu yake ungemaliza shida. Lakini clip mmeipeleka juu ya mapaa, mtu anaruka anagonga hewa, hakuna hata ukingo wa kumwonya. Na pale uani mmeweka weapclip, inayozuia watu na risasi pia. Roketi inapasuka katikati ya hewa na kumlipukia aliyeirusha. Mngetaka kuzuia watu tu, clip ya kawaida ingetosha, roketi zingepita.

Ningezirekebisha mwenyewe, muda ninao. Lakini mnapandisha .pk3 (kifurushi cha faili) yenye .bsp (ramani iliyokwisha kupita kwenye kompaila) peke yake, na .bsp ukiigeuza kurudi .map (faili ya kuhariri), teksta zinavurugika, unajikuta unajenga upya. Mnaficha .map ya nini, na hii ni ramani ya kucheza wenyewe kwa wenyewe?

Kuanzia Ijumaa hii ramani isiyokuja na .map yake siipandishi kwenye seva. Ile ya Mji wa Kale nimeishaitoa. Mwenyewe akileta .map hapa kwenye uzi, naanza na ile milango ya nakshi usiku huo huo.