Wakuu, naomba ushauri: vifaa vya jiko dogo la kauri la kuchomea, nianze na kipi?

Kuku Mzima (mleta uzi), Jumanne saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Niende kwenye mada.

Nina jiko dogo la kauri la kuchomea nyama, yale yenye umbo la yai, kifuniko kinafunguka kama mdomo wa kiboko. Sehemu ya wavu ina upana wa sentimita 33. Nimelipata kwa watu waliokuwa wanahama nchi, likaja karibu tupu. Halina wavu, halina lile bamba linalokaa kati ya makaa na nyama, na gasketi ya sufi ya pale kifuniko kinapokutana na mwili imeungua upande mmoja.

Nataka ninunue vifaa ila hela ni ya kuunga unga. Nianze na kipi? Kipaumbele changu ni gasketi, iwe ile isiyovujisha moshi hata kidogo. Narudia, hata kidogo. Ninunue mita ngapi? Na kile kifuniko cha tundu la juu cha kuzungusha, kuna ambacho kinaziba kabisa? Bamba kuna fundi wa chuma wa Gerezani, kule Kariakoo, ananikatia.

Majibu ya kujenga tafadhali. Matusi peleka kwingine.

Sijalala

Nimekaa siti ya mbele. Muuza kahawa pita huku.

Baba Nasri wa Maskati

Ndugu yangu, kama nia yako ni mishkaki, hilo jiko liuze kesho asubuhi. Mishkaki inataka makaa ya wazi, kipepeo mkononi, na nyama iukaribie moto mpaka mafuta yadondoke yalie. Huku Maskati jioni wanachoma pembeni ya barabara kwenye masanduku ya chuma yasiyo na kifuniko, na magari yanapanga foleni. Bosi wangu analo hilo la yai, kubwa, la kijani, la Big Green Egg, wale Wamarekani wa Atlanta walioanza kuyauza mwaka 1974. Alilitumia mara mbili. Sasa wageni wakija analifungua na kulifunga kama mlango wa gari jipya, na mimi ndiye ninayelifuta vumbi. Kilo nyingi vile, na hata chapati haliwezi.

Kuku Mzima

Shukrani shekhe, ila sichomi mishkaki. Nachoma kuku mzima mzima, kwa oda. Turudi kwenye gasketi.

Fundi Chuma

Gasketi ngoja. Umesema halina wavu, sasa hao kuku wa oda unawachomea juu ya nini?

Kuku Mzima

Nilipata wavu wa friji bovu, fundi ameukata duara. Unang'aa vizuri tu.

Fundi Chuma

Nilijua. Mkuu, zile waya za friji hupakwa madini zisishike kutu. Nyingine ni zinki, za zamani hata kadimiamu. Zimetengenezwa kubeba mtindi. Kwenye moto wa mkaa ule mpako unatoka na unaingia kwa kuku na kwako. Muulize fundi yeyote aliyechomelea bomba la mabati kutwa nzima bila upepo: usiku anatetemeka kama ana malaria, asubuhi anaambiwa anywe maziwa. Tupa. Chukua nondo nyembamba za stenlesi, au hata chuma cheusi kisichopakwa kitu, ukisugue, ukipake mafuta ya kula na ukichome mara mbili tatu kabla ya kuweka nyama.

Na hilo bamba la Gerezani lina upana gani?

Kuku Mzima

Sentimita 32. Ili lizibe vizuri. Nimeshalipa nusu.

Fundi Chuma

Tundu lako ni 33 halafu bamba 32? Hewa ya moto ipite wapi, chini ya kucha? Jiko la kauri linapika kwa hewa inayoingia kidirisha cha chini, inapita kwenye makaa, inazunguka pembeni ya bamba na kutokea juu. Ukiziba pembeni makaa yanakufa na kuku anabaki mbichi. Acha nafasi ya sentimita 3 kila upande, yaani bamba la 27 hivi. Na si lazima liwe chuma. Nenda kwa wauza maua wa barabarani, nunua kisahani cha udongo cha kuwekea chungu, kile kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kianike juani siku mbili kwanza, kikiwa na maji ndani kitapasuka. Kifunike na foili, mafuta ya kuku yadondokee hapo.

Mnakuru

Nilikuwa napita tu, wadau wa TZ. Kauri sisi tuko nayo tangu miaka ya themanini, ile jiko ya bati yenye udongo ndani, na haijawahi kuitisha vifaa. Lakini kama unataka bamba la maana, kuna yale mawe laini ya Tabaka kule Kisii, wanachonga nayo vifaru na bakuli. Moto hayaogopi. Mjomba wangu alikuwa anachonga seti za sataranji kwa hayo mawe, alikuwa anapoteza kila mchezo na anauza kila seti.

Mama Vipimo

Nimesoma swali la mleta uzi mara tatu. Bamba hajali, wavu hajali, geji ya joto hajaitaja kabisa, na kwenye kauri geji ndiyo macho. Yeye ni moshi, moshi, moshi. Mwanangu, jiko limekaa wapi?

Kuku Mzima

Nyumbani, mama.

Mama Vipimo

Nyumbani wapi? Uwani, barazani, juu ya paa?

Kuku Mzima

Eneo ni dogo ila linatosha. Nimeliweka juu ya matofali matatu, chini kuna sakafu ya saruji, kwa hiyo moto hauna shida. Mita ngapi, mama?

Mzalendo Halisi

Nasikitika sana. Nchi ina mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na vijana mnakaa humu usiku kujadili mkaa. Mkaa ni mti. Kila kuku unayemchoma, tafakari mti.

Sijalala

Mzalendo, avatar yako umeshika mguu wa mbuzi.

Mama Vipimo

Kuku Mzima, hesabu ya gasketi ninayo hapa, nimeshaipiga. Siitoi mpaka useme jiko liko wapi.

Kuku Mzima, Jumatano saa 12:40 asubuhi

Basi yaishe. Liko stoo.

Lakini nisikilizeni kabla hamjanivaa. Nimepanga Tabata, chumba na stoo. Mwenye nyumba amekataza mkaa uwani, anasema moshi unaingia kwenye nguo zake. Stoo ina dirisha la nyavu. Natumia mkaa mzuri wa mti mgumu, ukishakolea hauna moshi kabisa. Kinachotoka ni kidogo kwenye ile sehemu ya gasketi iliyoungua, ndiyo maana nauliza gasketi. Nikiziba pale mambo yamekwisha. Na oda za Jumamosi nimeshachukua hela nusu.

Fundi Chuma

Mkuu. Mkaa wenye moshi utakukimbiza nje ukikohoa. Usio na moshi ndio unaoua.

Dada wa Mafinga

Naomba niseme kitu. Kwetu baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili, tulilala watu watatu na jiko la mkaa chumbani, makaa mekundu, hayana moshi hata chembe, tukajisifu. Saa nane usiku dada alitaka kwenda haja ndogo, akaanguka mlangoni. Kishindo cha kuanguka ndicho kilichotuamsha. Mimi kichwa kilikuwa kama kimefungwa waya, natapika, miguu haikubali. Ile hewa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakamata damu mahali pa oksijeni. Dada yangu asingekuwa na haja ndogo usiku ule, nisingekuwa naandika hapa.

Mama Vipimo

Pole mwanangu wa Mafinga. Nawe Kuku Mzima, ukimaliza kuchoma unalizimaje?

Kuku Mzima

Nafunga kidirisha cha chini na tundu la juu, linazima lenyewe taratibu. Ndivyo inavyotakiwa, maji hayamwagwi kwenye kauri.

Mama Vipimo

Ni kweli maji hayamwagwi, kauri ya moto itapasuka. Lakini makaa yanayonyimwa hewa ndiyo yanayotoa sumu zaidi, na kauri inakaa na joto saa nyingi. Sasa nijibu la mwisho. Saa hizo jiko linapozima, nani yuko hiyo stoo?

Kuku Mzima

Mdogo wangu. Anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, analala kule apate utulivu. Ila mlango wa kuja chumbani kwangu tunauacha wazi kidogo.

Amekuwa akisema kichwa kinamuuma asubuhi. Nilidhani ni kusoma.

Dada wa Mafinga

Jamani.

Mpelelezi Mstaafu

Ngojeni kwanza, mnalia nini? Hii ni chai, tena ya rangi. Mtu amepanga chumba na stoo halafu ana jiko ambalo hela yake unapata pikipiki iliyotumika? Kilo thelathini na ushee za kauri zilifika Tabata kwa ungo? Alianza "eneo dogo", watu walipopoa akaongeza mdogo wake, kisha kidato cha nne, kisha kichwa kinauma. Subirini, jioni inakuja namba ya kutuma mchango. Halafu nimepekua: Machi mleta uzi aliomba ushauri wa rangi ya nyumba YAKE Kibaha.

Kuku Mzima

Ile nyumba ni ya kaka, nilimuulizia.

Sijalala

Humu kila mtu anamuulizia kaka.

Baba Nasri wa Maskati

Mimi nilihisi tangu aliposema sichomi mishkaki.

Kuku Mzima

Nilikuwa natunza bustani kwa hao watu. Siku ya kufunga mizigo jiko halikuingia kwenye kontena, wakanipa. Nililipandisha kwenye bajaji, nimelipakata kama mtoto mpaka nyumbani. Sijaomba hata mia ya mtu, nimeomba mita za gasketi. Mnipigie kura kama mnataka.

Mpelelezi Mstaafu

Swali moja. Gasketi ya sufi inavumilia moto wa kawaida wa kuku. Yako iliunguaje?

Kuku Mzima

Siku ya pili kulitumia. Niliacha tundu la juu na kidirisha cha chini wazi vyote, nikaenda kununua ndimu. Muuza ndimu hakuwa na chenji. Kurudi, mshale wa geji umevuka namba zote, umerudi ulikoanzia. Nikaogopa, nikafungua kifuniko kwa mkupuo, moto ukatoka kunisalimia usoni. Nyusi ya kushoto mpaka leo imeota nusu. Harufu ya sufi nilidhani ni nyusi, kumbe vyote viwili.

Fundi Chuma

Huyu analo jiko, hiyo huwezi kuitunga. Kauri iliyofungwa ina njaa ya hewa, ukiifungulia ghafla inaipokea kwa moto. Unainua kifuniko vidole viwili, unangoja pumzi itoke, ndipo unafungua. Na kaza zile bolti za mkanda wa kifuniko, moto ukipanda hivyo zinalegea, siku moja utainua mpini na kauri itabaki chini vipande.

Mpelelezi Mstaafu

Sawa, jiko nalikubali. Kibaha bado nafuatilia.

Mama Vipimo

Fuatilia mwenyewe. Kuku Mzima, leo huyo mdogo wako halali humo, na kichwa kikiendelea umpeleke hospitali uwaambie ni mkaa, wasianze na kupima malaria.

Kuku Mzima

Nimekuelewa mama. Lakini oda za Jumamosi nifanyeje? Wateja wanane. Na nikifungua dirisha lote?

Mama Vipimo

Dirisha la nyavu la stoo silo bomba la moshi. Liko nje au haliko. Wateja wanane warudishie hela, au tafuta pa kuchomea.

Kuku Mzima, Alhamisi saa 11:15 jioni

Mrejesho. Nimeongea na mama ntilie wa kona, ana kibanda cha wazi chini ya mwembe. Amekubali, masharti yake kidari cha kuku mmoja kila Jumamosi, na nisimwambie mtu kwamba kidari ndiyo kodi. (Nimewaambia nyie tu.) Tumelibeba watu wawili. Wavu wa friji nimempa muuza skrepa. Fundi wa Gerezani amekataa kurudisha hela ila atalipunguza bamba mpaka 27. Dogo amelala chumbani kwangu jana, mimi nimelala stoo na madaftari.

Sasa mama, mita?

Mama Vipimo

Chukua kamba, izungushe katikati ya ukingo wa mdomo, uipime.

Kuku Mzima

Sentimita 119.

Mama Vipimo

Mdomo una kingo mbili, ya chini na ya kifuniko. Mara mbili ni 238. Nunua mita mbili na nusu. Kwangua gundi kuukuu yote, futa kwa spiriti, acha ikauke. Bandika bila kuivuta. Ukiivuta itasinyaa na kuacha mwanya. Funga kifuniko usiku mzima bila moto. Mara mbili tatu za mwanzo choma kwa moto mdogo, gundi ikamate. Na moshi kidogo ukivuja, uache uvuje. Uko chini ya mwembe.

Mzee wa Kupitia, Ijumaa saa 4:02 asubuhi

Nimesoma post ya kwanza tu, nina haraka. Mkuu, kama hutaki livujishe, paka silikoni nyekundu ya injini mdomo mzima, halafu liweke ndani lisipigwe na mvua.

Sijalala

Muuza kahawa, rudi.