Vikaragosi vya mbwa vya Kijapani vinatokea viboksi

Mdau_Uyole: Wakuu, kundi letu la wafuga mbwa hapa Mbeya tunapenda kutumiana kikaragosi cha sura ya mbwa, U・ᴥ・U. WhatsApp iko poa, ila wenye vitochi huko Tukuyu wanaona viboksi. Na SMS moja inakatwa kama mbili. Shida nini?

Kihesa_Iringa: Mkuu, hiyo ᴥ ya pua ndiyo mchawi. Simu isiyo na fonti yake inachora kiboksi. Jaribu ∪・ω・∪, ω ni ya Kigiriki, simu nyingi wanayo. U za pembeni ni masikio yaliyolala, usiziondoe. Ukiweka ʕ•ᴥ•ʔ umeshatuma dubu, masikio yale ya mviringo si ya mbwa.

Fundi_Mwanjelwa: Kwenye SMS hata ω haikusaidii. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Ukichomeka herufi moja tu ya nje ya orodha yake, ujumbe wote unashuka hadi 70, ukizidi hapo unagawanywa vipande vya 67. Kwa vitochi andika Uo.oU. Sura haipendezi sana, lakini inafika. U^.^U nayo inafika, ila kila ^ inahesabiwa mbili.

Mdau_Uyole: Asante wakuu. Kuiandika kila mara je?

Kihesa_Iringa: Gboard (kibodi ya Google): mipangilio, kamusi, kamusi ya binafsi, chagua lugha, jumlisha. Bandika kikaragosi, kwenye njia ya mkato weka "mbwaa". Usiweke "mbwa" tupu, kitakurukia kila ukiandika habari za chanjo.