Naomba ushauri: hesabu za ushirika wa wafanyakazi
Wadau, natunza vitabu vya ushirika unaomilikiwa na wafanyakazi wenyewe, kila mwanachama kura moja. Taarifa ya mapato na matumizi inaweka malipo yetu kwenye gharama, sawa na umeme, kana kwamba sisi ni mzigo kwa mwenye mali fulani! Nataka ionyeshe thamani tuliyoongeza na mgawanyo wake: wanachama, akiba ya pamoja, kodi, jamii.

Mondragon ya Hispania, muungano wa vyama vya ushirika vya wafanyakazi ulioanza 1956, humfungulia kila mwanachama akaunti ya mtaji. Ila kwa IFRIC 2, mwongozo wa kimataifa wa uhasibu kuhusu hisa za wanachama wa ushirika, hisa ambazo ushirika hauwezi kukataa kuzirudisha ni deni.

Aliyewahi kuandaa taarifa mbili, ya kisheria na ya wanachama, alizioanishaje? Na wasiosomea uhasibu mnawaelewesha vipi kabla ya kura?