Chelo inamezwa na bendi ya matarumbeta: nifanyeje?

Mwalimu wa Bendi
Wadau, hamjambo. Naongoza bendi ya kanisa hapa Nairobi, upande wa Eastlands: fluti, klarineti, saksafoni, tarumbeta, tromboni, tuba na ngoma. Fidla hatuna. Ila tuna binti anayepiga chelo vizuri mno, na tunataka kumsindikiza katika koncheto (kazi ya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra) ya kwanza ya mtunzi Mfaransa Saint-Saëns, ile ya 1872. Nota naandika mwenyewe. Tatizo ni kwamba tromboni zikiingia, chelo haisikiki tena. Upinde unauona tu ukitembea. Halafu wapulizaji wanaomba tuhame ki ya kazi hii, yaani ngazi yake ya sauti, A maina, twende kwenye ki zenye flati (alama za kushusha noti) walizozoea. Naombeni ushauri.

Klarineti wa Kayole
Mwalimu, ki usiiguse! Nyuzi za chelo ni C, G, D na A. Ukihamia kwenye flati nyingi unamnyima binti nyuzi zake wazi, zile zisizobanwa kwa kidole, na humo ndimo sauti inamotoka kwa nguvu. Klarineti, ambazo nota zake huandikwa kwa ki nyingine, zitasoma B maina, shapu (alama za kupandisha noti) mbili tu. Saksafoni alto shapu tatu. Wafanye mazoezi. Na minueti, ile sehemu ya katikati yenye mwendo wa dansi, iko B flati meja, hapo bendi itajiona nyumbani.

Baba Tuba
Shikamoo Mwalimu. Chelo na tromboni zinaishi sehemu moja ya sauti, ndiyo maana mmoja anamfunika mwenzake. Kuwaambia vijana wapulize kwa sauti ndogo hakutoshi, maana sauti ikififia sana hata tuni inayumba. Punguza watu. Chelo ikiimba, kila sehemu ibaki na mpigaji mmoja. Bendi nzima irudi pale binti anaponyamaza. Mwanzoni kuna kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja fupi tu halafu chelo inaingia papo hapo, fidla na ala nyingine za nyuzi za okestra zikitetemeka chini yake. Mtetemo huo wape klarineti za chini, wapokezane pumzi ili usikatike. Tromboni zisubiri. Kwenye minueti, ambako ala za nyuzi za okestra hupigwa zikiwa zimezibwa ili sauti ipungue, nisingeweka ala za shaba, kama tarumbeta na tromboni, hata kidogo. Binti naye akae juu ya jukwaa dogo la mbao, ule msumari wa chini unaosimamisha chelo utikise mbao.

Msomaji wa Nota
Mbona msichukue kazi iliyoandikwa hivyo tangu mwanzo? Mtunzi Mfaransa Jacques Ibert ana koncheto ya chelo na ala za kupuliza, 1925. Mtunzi Friedrich Gulda naye ana yake ya 1980, yenye gitaa na dramu. Vijana wangeipenda!

Klarineti wa Kayole
Gulda alifariki 2000, kazi yake bado ina haki miliki. Saint-Saëns alifariki 1921, na sheria ya Kenya ni miaka 50 baada ya kifo. Huyo mnaweza kumpanga upya bila kuomba ruhusa.

Mwalimu wa Bendi
Marahaba Baba Tuba, asanteni nyote. Tunabaki A maina. Jumamosi najaribu mwanzo na klarineti nne bila tromboni. Swali moja: pizikato, zile noti ambazo okestra hudonoa nyuzi kwa vidole, niwape nani? Tuba inasikika nzito.

Baba Tuba
Tafuta kontrabasi, ile ala kubwa ya nyuzi yenye sauti ya chini kabisa, hata ya kuazima. Ikikosekana, klarineti besi, noti fupi fupi.