Mrejesho: binti yangu na jedwali la kuzidisha

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na binti yangu wa darasa la tatu, maana alikuwa analia kila akiona jedwali la 6 na la 7. Mmoja wenu akashauri nitumie historia. Asanteni sana, nimerudi na majibu.

Jumamosi tulipanda daladala kutoka Iringa mjini hadi makumbusho ya Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, kule Kalenga. Nikamsimulia Wahehe walivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na ngome ya Kalenga ilivyoangushwa mwaka 1894. Kufika nyumbani akataka kuijenga upya kwa viberiti! Ukuta wa safu 6, kila safu viberiti 7. Alihesabu mwenyewe, akarudia: 42.

Lakini kilichomfungua kabisa ni njia ya Wamisri wa kale, ya kuongeza maradufu. Tulitumia maharage. 7 mara 1 ni 7, mara 2 ni 14, mara 4 ni 28. Unataka mara 6? Mara 2 na mara 4 ndiyo mara 6, basi unajumlisha 14 na 28: 42. Alipoona ni jibu lile lile la ukuta wake akanikodolea macho: "Mama, kumbe walijua!" Machozi yalinilengalenga.

Jedwali la 8 bado linamsumbua kidogo, ila halikimbii tena. Kukariri peke yake kulikuwa kunamwonea mtoto, nasema kweli. Jana kaomba 13 mara 12. Maharage yakaisha, tukahamia kwenye mahindi.